Sindano Zangu, Mizizi Yake

Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kasulu, na nilikuwa na kifua cha kugeuza watu shingo. Vyuma vyetu, mimi na wenzangu wa mazoezi, vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege, yameungwa kwa bomba la maji. Mwanzoni tulijengeka kwa maharage na jasho. Kisha mwenzetu mmoja akarudi kutoka Dar na sindano za testosteroni, homoni ya kiume. Tukawa tunachomana wenyewe kila Alhamisi, tukicheka kama wapumbavu. Na tulikuwa wapumbavu kweli.

Mke wangu, binti wa kijiji cha Busunzu, Kibondo, alikuwa anaingia mwaka wa pili wa ndoa bila mimba. Nikajiambia: kama dawa hii ni ya uanaume, ikizidi, mtoto atakuja upesi. Nikaanza kuchoma mara mbili kwa wiki.

Mama hakuniuliza mimi kitu. Alimpeleka mkamwana wake kwa mganga wa kijiji cha Kagerankanda, wakarudi na mizizi. Kila asubuhi mke wangu aliichemsha, akainywa uani amekunja uso, nami nampita na taulo begani kwenda kunyanyua vyuma.

Korodani ziliposinyaa ndipo nikaenda hospitali kwa siri. Daktari, mgeni kutoka Tanga, alinipima, akanipa karatasi ya majibu: hakuna mbegu.

"Mwili ukiletewa homoni kutoka nje, unaacha kutengeneza mbegu," alisema. "Acha sindano, huenda zikarudi taratibu. Na mwambie mkeo, mwalimu. Mficha uchi hazai."

Sikumwambia. Karatasi niliisokomeza kwenye begi la mazoezi. Sindano nazo sikuziacha, maana nilipopunguza tu wenzangu waliniuliza kama naumwa. Mimi, niliyebeba makopo ya zege mbele ya watu, niliogopa sentensi moja.

Baada ya miezi mitatu mama akatamka kwamba nyumba yake haiwezi kukaa na tasa. Nilikuwepo. Nilitazama mikono yangu minene juu ya mapaja. Kaka wa mke wangu akaja na pikipiki kumchukua. Kabla ya kupanda, mke wangu alianua nguo zangu alizofua, akazikunja.

Nilikutana naye mwaka 2015 sokoni Kibondo. Mwili wangu ulikuwa umeshuka, mtoto sina. Yeye alikuwa na wake mgongoni, amelala.

"Mwakeye, mwalimu," alinisalimu kwa Kiha. Zamani hakuwahi kuniita mwalimu.

Nikamwambia kuna jambo la siku zile nataka kumweleza.

"Ile karatasi ya hospitali? Niliisoma siku ileile, nilipotoa taulo lako kwenye begi nifue." Hakupandisha sauti. "Nikaendelea kunywa ile mizizi miezi mitatu, nikisubiri useme mwenyewe."

Akakaza kanga ya mtoto, akaniambia nimsalimie mama.