Kitanda Alichokikata Mkasi

Dada yangu mkubwa ametengeneza kitanda kwa mikono yake mwenyewe, na yeyote anayesema kimepinda aje kwanza akilalie, ndipo tuongee. Nimechoka kusikia habari hizi zikisimuliwa na watu ambao hata stuli ya jikoni wamenunua.

Mtaani wanamwita Mkasi. Ni fundi cherehani, lakini jina halikutokana na kazi tu; mchokoze, utajua limetoka wapi. Tulisoma shule moja ya msingi, mimi nikiwa madarasa matatu nyuma yake, na sote tuliishia pale darasa la mwisho lilipoishia. Mimi nikaenda kuuza mkaa. Yeye akaenda kufagia chumba cha mama mmoja mshonaji. Alifagia macho yakiwa kwenye cherehani, mpaka yule mama alipougua, na alipopona akakuta sare za wateja zimeshonwa na kukunjwa. Hakuuliza nani kazishona. Alimwambia tu, "Kesho ufagio mpe mwingine."

Aliolewa. Ukisema aliachwa atakusahihisha: aliacha. Alitoka na cherehani kichwani na hakurudi kufuata hata kijiko. Leo anakaa vyumba viwili nyuma ya duka la vioo, cha mbele anashonea, cha ndani analala. Bati likivuja anapanda mwenyewe. Kitasa kikigoma anakifungua, anakitia mafuta ya cherehani, anakirudisha. Wapo watu wakiona kitu kimeharibika wanatafuta namba ya simu. Yeye anatafuta bisibisi.

Sasa nije kwa mama yetu. Mama aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Hospitali wakamtengeneza, akatoka akitembea kwa fimbo. Kaka yetu mkubwa, msimamizi wa stoo kwenye kiwanda cha unga, akamchukua kwake. Hilo hatukatai, alifanya vizuri. Nyumba ya kaka ina nafasi, ina vigae, ina makochi ambayo ukikaa unazama mpaka masikioni. Shida ilianzia hapohapo. Mama akikaa, hainuki. Na kitanda walichompa ni vile vya siku hizi, kiko chini kama mkeka wenye kiburi. Kila akitaka kwenda chooni ni lazima aite, asubiri, aje mtu amtie mkono kwapani amnyanyue. Wifi yetu anarudi kazini jioni, na msichana wa kazi ana nyumba nzima ya kuangalia. Basi mama akaanza kupunguza kunywa maji. Alimwambia Mkasi kwa sauti ya chini, kama anayetoboa siri ya mtu mwingine.

"Nisipokunywa, sisumbui watu."

Siku hiyohiyo Mkasi alimsubiri kaka mlangoni kwake. Hakusubiri hata avue viatu.

"Kaka, mama aje kwangu."

"Kwako alale wapi? Juu ya cherehani?"

"Nitamwekea kitanda."

"Siku nikiona kitanda cha kueleweka mle ndani, mama atakuja. Sio godoro chini. Sitaki watu waseme nimemtupa mama yangu nyuma ya duka."

"Jumapili ya mwisho wa mwezi mlete. Akishindwa kuinuka mwenyewe kwenye kitanda changu, rudi naye hukohuko, sitafungua mdomo tena."

Kaka akacheka. "Wewe usifungue mdomo? Hilo peke yake nitakuja kulitazama."

Wakakubaliana. Mkasi akaenda kwa seremala wa pale kona, mtu mzuri tu, anacheka na kila mtu. Akataja bei. Ungedhani kitanda kinakuja na mume ndani yake.

"Punguza," Mkasi akasema.

"Nikipunguza, dada, itabidi nipunguze na miguu. Utabaki na mitatu."

"Basi niazime randa, nitatengeneza mwenyewe."

Seremala aliweka msumari chini amwangalie vizuri. "Randa ni kama mswaki. Haiazimwi."

"Haya. Kaa na mswaki wako."

Mbao alizipata uani kwake. Vioo vya lile duka huja vimefungwa kwenye makasha ya mbao, na makasha yakishafunguliwa hutupwa uani yanyeshewe. Mlinzi wa duka alikuwa na suruali mbili za kazi zinazoburuta chini. Mkasi akazipunguza, mlinzi akageuka upande mwingine, sisi tukabeba makasha. Nasema "sisi" kwa sababu kila dada yangu anapofanya jambo peke yake, mimi ndiye ninayeshika upande wa pili.

Kabla ya kukata alikwenda kumpima mama. Ndiyo, kumpima, kama mteja. Wifi alimkuta amepiga magoti na futi yake, akadhani ni gauni. Mkasi alimkalisha mama kwenye kiti kigumu cha jikoni, akapima kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti, akapima mabega, akapima mkono ukinyooshwa. Mama alikuwa anacheka.

"Mwanangu, unanishonea gauni au unanichongea jeneza?"

"Ukiendelea kutikisika litakuwa jeneza."

Nyumbani akakata vipimo vyote kwenye karatasi za khaki, kama anavyokata za mikono na kola, kila kipande na karatasi yake: miguu, mbao za ubavuni, za kichwani na miguuni, chaga za kulalia. Akaweka karatasi juu ya mbao, akapitisha chaki, akakata. Msumeno wake ulikuwa wa mkono, mkuukuu, akautia mafuta ya cherehani ukaacha kulalamika. Kwa kukosa randa tulisugua kwa msasa, na kusugua huko ndiko kulikonifundisha kwa nini vitanda ni ghali. Tulisugua mpaka vidole vikawa laini kuliko mbao.

Akaanza kuunga. Misumari hakuizamisha. Kila msumari aliugonga ukafika nusu, akauacha umesimama. Seremala, ambaye siku hizo alikuwa anapita zaidi mbele ya mlango ule kuliko anavyopita kwake, akachungulia.

"Dada, mbona misumari imesimama kama nywele za mtu aliyeona nyoka?"

"Ninapiga bandi."

"Bandi?"

"Huwezi kushona nguo moja kwa moja. Unaishikiza kwanza kwa uzi mrefu mrefu, mteja anavaa, unaona ilipobana. Ndipo unashona."

Seremala aliondoka anacheka peke yake njia nzima. Nilimsikia.

Jumamosi, siku moja kabla ya kaka kuja, kitanda kilisimama katikati ya chumba cha ndani. Tukaweka godoro. Pakabaki pengo miguuni, pengo la kuingiza vidole vitatu. Tukadhani godoro ndilo fupi. Mkasi akakaa. Yeye na mama wana miguu ya urefu mmoja, ukiwaona kwa nyuma huwatofautishi, ndiyo maana alikuwa na uhakika. Akakaa, na miguu yake ikaning'inia hewani kama ya mtoto wa chekechea kwenye kiti cha mwalimu.

Sikucheka. Nilitamani, lakini nilimwangalia usoni nikaacha. Mama akikaa pale angekuwa anaogopa kushuka. Tungekuwa tumemtoa kwenye shimo tukampandisha darini, na kesho kaka angemgeuza mama mlangoni, amrudishe kwenye kusubiri watu na kujinyima maji.

Na nani atokee muda huohuo kama si seremala.

"Fundi mwenzangu," akasema akiwa kizingitini, "umemtengenezea mama kitanda au umemjengea ghorofa?"

Mkasi alichukua futi, akapima mguu wa kitanda, akachukua karatasi, akaipima, akarudi kwenye mguu. Umezidi karatasi kwa inchi mbili. Akapima mbao ya ubavuni. Inchi mbili. Chaga, inchi mbili. Kila kitu kimezidi kwa kiasi kilekile, inchi huku na inchi kule, kwa unadhifu wa ajabu. Nikaona anafumba macho.

"Nimeacha nafasi ya mshono," akasema.

Miaka yote hiyo ya kukata kitambaa, mkono ulikwenda wenyewe. Unapima mwili, unaongeza inchi ya kushonea kila upande, unakata. Hata hafikirii, kama wewe usivyofikiria kupumua.

Seremala alijishika ukutani. "Nafasi ya mshono. Kwenye mbao. Sasa dada, hiyo inchi utaipindia wapi kwa ndani?"

"Ukimaliza kucheka, toka kwenye mwanga. Nataka kuona."

"Pole, lakini hapo ndiyo basi. Ukiing'oa misumari, mbao hizi nyembamba zinapasuka zote."

"Misumari gani? Angalia vizuri."

Akaangalia. Misumari yote ilikuwa bado imesimama, nusu ndani, nusu nje. Mkasi akachukua koleo, akavuta wa kwanza, ukatoka kama uzi wa bandi. Ubao haukupasuka. Akavuta wa pili.

Tulikibomoa chote. Alikusanya miguu minne, akaifunga pamoja kwa vitambaa vilivyobaki vya sare, ikakaza kama fungu moja, akapiga mstari mmoja wa chaki kuizunguka yote. Ndivyo anavyokata sare za shule, tabaka kwa tabaka, mkasi mmoja. Akaikata yote kwa mpigo, mimi nikiwa nimeikalia, ili usije mguu mmoja ukawa mfupi kuliko wenzake. Mbao nyingine zote na chaga hivyohivyo. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama seremala akarudi. Akaweka randa juu ya kizingiti.

"Sijaazimisha," akasema. "Nimeisahau hapa kwa muda."

"Ikumbuke basi uende nayo. Sisi tumeshasugua."

Safari hii tulipounga alikaa kwanza. Nyayo zikatua sakafuni, magoti yakakaa sawa. Ndipo akaizamisha misumari, mmoja baada ya mwingine, mpaka jirani akauliza dirishani kama tunajenga au tunabomoa. "Vyote," Mkasi akamjibu. Mwishoni akapigilia nguzo fupi upande wa kichwani, inayofika kifuani kwa mtu aliyekaa, akaivisha kitambaa laini. Ya kushika.

Jumapili kaka alikuja na teksi. Alivaa shati la kwendea ofisini, nikajua amekuja kukagua. Mama alikuwa na fimbo yake na gauni lake zuri, na hakuwa na mzigo wowote. Mzigo kaka aliuacha nyumbani kwake makusudi.

Hakusalimia sana. Alipita moja kwa moja chumba cha ndani, akakaa kitandani kwa uzito wake wote, na kaka yetu si mtu mdogo. Akajitikisa. Akahamia pembeni, akajitikisa tena. Kitanda kikatoa mlio mmoja mfupi kikanyamaza. Akainama kutazama chini ya godoro, akaona kwenye chaga alama ya glasi na maonyo meusi yaliyopigwa kwenye kiwanda cha vioo, ambayo msasa wetu haukuweza kuyafuta.

"Hili ni boksi," akasema. "Mama yangu analala kwenye boksi la vioo. Limeandikwa kabisa."

"Limeandikwa nini?"

"Kwamba kitu kinavunjika, kibebwe taratibu."

"Sasa kosa liko wapi? Mama si anavunjika? Kwako nani aliwahi kumwandikia hivyo?"

"Usianze."

"Nimeshaanza muda mrefu, kaka. Simama, umpishe mwenye kitanda."

Alisimama. Mama akaja polepole, akageuka, akajishusha, mkono kwenye nguzo. Akakaa. Nyayo zote mbili chini. Alitazama miguu yake kwa muda, halafu akaegemea mbele, akaivuta ile nguzo, akasimama. Hakuna aliyemgusa. Kaka alikuwa amenyoosha mikono yote miwili tayari kumdaka, ikabaki hewani imekosa kazi.

Mama akakaa tena. Akasimama tena. Akakaa.

"Mama, usijichoshe," kaka akasema.

"Niache. Wewe ulipojifunza kusimama ulitusumbua na zaidi ya hapa."

Kaka akamgeukia Mkasi. Sauti ilikuwa imeshuka, lakini bado hakutaka kushindwa. "Sawa. Nimeelewa ni urefu. Kesho naagiza kitanda cha urefu huuhuu, mbao ngumu, cha dukani, naweka kule kwangu. Mama hana haja ya kuhama."

"Umekuwa naye muda wote huo, hujawahi kupima goti lake."

"Sikujua."

"Ungeuliza."

"Angesema. Mama, si ungesema?"

"Yaani mama akupigie magoti kwa ajili ya magoti yake?"

"Mkasi, mimi ndiye niliyelipa hospitali."

"Na mimi nimekushukuru, nikakushukuru tena. Unataka nikushonee na bendera?"

Nikaingia katikati kuwatenganisha, kwa maana najua mahali maneno yao huwa yanafika. Kaka akainua kidole, Mkasi akaweka mikono kiunoni, mimi nikamwambia kila mmoja anyamaze na hakuna aliyenisikia. Kelele zetu zilipopungua ndipo tukageuka kumuuliza mwenyewe anataka nini.

Kitandani hapakuwa na mtu.

Kutoka uani tulisikia fimbo ikigonga sementi, polepole, ikasimama. Mlango wa choo ukafungwa. Komeo likaingia kwa ndani.

Kaka alikuwa wa kwanza kutoa sauti. "Nani amempeleka?"

"Amekwenda," Mkasi akasema.

Tukasubiri, watu wazima watatu tumesimama chumbani tunasikiliza mlango wa choo. Komeo likafunguka, fimbo ikarudi kwa mwendo uleule. Mama aliingia, mikono ikiwa bado na maji, akatupita bila kumtazama yeyote, akakaa kitandani pake.

"Nipeni maji ya kunywa," akasema. "Glasi kubwa." Akamtazama kaka. "Na wewe, teksi bado ipo nje? Nenda nayo ukaniletee nguo zangu. Zile za kwenye begi la kijani. Usisahau kanga zangu za ndani ya mto."

Kaka alisimama kidogo akizungusha simu mkononi. Mkasi alikuwa amefungua mdomo tayari kusema jambo, nikamkanyaga mguu. Kaka akatoka. Tulimsikia akimwambia dereva kwamba safari ni ya kwenda na kurudi.