Shangazi na Kiti cha Jimbo Letu

Hapa Durban hakuna anayelijua jimbo letu. Hata Watanzania wenzangu ninaokutana nao sokoni Warwick, wengi wao watu wa bara, nikizungumzia uwakilishi huniuliza kama si ndio ubunge huo huo. Nawaeleza kwamba Zanzibar tuna Baraza letu la Wawakilishi, na kila jimbo hupeleka mtu wake. Huitikia kwa adabu, kisha hurudi kwenye habari za mpira.

Historia ya jimbo hilo nimeipata kwa wanawake wa nyumbani kwetu. Mama alinisimulia kuwa enzi za chama kimoja walichagua kati ya alama ya jembe na alama ya nyumba, na yeye aliipa kura nyumba kila mara kwa sababu jembe alikuwa nalo. Kiti alikishika mwalimu mmoja, kwa muda mrefu hata watu wakasahau kuwa kinagombewa. Vilipokuja vyama vingi mwalimu alipita tena, lakini kwa tabu, na majirani waliokuwa wakiteka maji pamoja wakaanza kupishana kisimani bila ya kusalimiana. Alipofariki uliitishwa uchaguzi mdogo, akashinda mwenye mabasi. Huyo tulimwona wakati wa kampeni tu.

Hapo ndipo shangazi yangu, dada yake baba, alipoamua kugombea. Alikuwa mkunga wa kituo cha afya, na hesabu yake ilikuwa nyepesi: nusu ya wapiga kura wa jimbo aliwapokea yeye kwa mikono yake. Mwaka huo nilipiga kura kwa mara ya kwanza, na ndiyo mara pekee niliyowahi kupiga. Shangazi alishindwa vibaya. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akatuambia, "Watoto wangu wamenikana," akacheka mpaka machozi yakamtoka. Muda si mrefu baadaye niliolewa, nikamfuata mume wangu Durban.

Mume huyo alipata kazi Johannesburg, akawa anarudi kwa nadra, mwisho hakurudi. Mimi nilibaki na chumba changu mtaa wa Umbilo na kazi ya kushona sare za skuli katika kiwanda kimoja eneo la Jacobs. Kule mashine zinanguruma kutwa nzima, mtu anaweza kumaliza wiki bila ya kuzungumza na yeyote.

Lakini Jumapili shangazi alikuwa akinipigia simu. Alianza na salamu, mara moja akaingia jimboni: nani amehama chama, sheha gani amekasirika, barabara gani imeahidiwa tena. Aligombea mara nyingine akashindwa kwa kura chache, akanieleza kituo baada ya kituo, na mimi nikalala kitandani nimefumba macho, nikiwaona watu wote wale. Nililijua jimbo kuliko nilipokuwa nikiishi ndani yake. Kuhusu mume wangu hakuniuliza, wala mimi sikumwambia.

Mara ya tatu shangazi alishinda, na matokeo yalitoka siku ya kazi. Kiwandani simu tunaziacha kabatini, kwa hiyo habari niliipata jioni nikiwa nje ya geti, nikisubiri taxi, vile vibasi vya abiria vya huku, ya kurudi. Ndugu yangu alikuwa ameniandikia kwamba watu wamejaa uani na shangazi amebebwa juu. Niliwatazama wanawake tuliosimama nao foleni. Nilitaka kumwambia mmoja wao, na sikujua nianzie wapi.

Nilipofika chumbani nililia. Jirani yangu, mama wa Kikongo anayesuka nywele, alinisikia akagonga mlango.

"Dada, iko nani amekufa?"

Nilimwambia hakuna aliyekufa, shangazi yangu ameshinda uchaguzi wa jimbo. Alikaa pembeni ya kitanda akanitazama usoni.

"Bon. Sasa utarudi kwenu?"

Sikuwa nimelifikiria hilo.  Aliniletea sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, akakaa nami mpaka nikamaliza kula.

Jumapili ile simu haikuja, wala iliyofuata. Nilimsamehe, nikijua ana wageni. Nilipopiga mimi alipokea kijana wa kiume akasema Mheshimiwa yumo kikaoni. Nilimwona kwenye simu yangu, katika video ya Baraza la Wawakilishi, amevaa buibui jipya akiuliza swali kuhusu maji ya bomba, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma. Maji yalikuja kweli, watu wote wa nyumbani waliniambia. Yeye kunipigia alipiga siku za Idi, kwa haraka.

Kisha mipaka ikabadilishwa. Shehia yetu ikatiwa katika jimbo la jirani, na huko kwenye kura za maoni za chama wajumbe walimchagua mtu wao. Shangazi hata jina lake halikufika kwenye karatasi ya kura. Nilisikia kwa ndugu yangu, nikampigia nikiwa na wasiwasi. Safari hii alipokea mwenyewe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Nilisubiri aanze habari za wajumbe. Hakuanza. Aliniambia kwamba nyumba imekuwa kimya, kwamba alizoea kelele za watu kutwa, na sasa anakaa barazani hajui mikono aiweke wapi. Halafu akaniuliza:

"Na wewe huko unakaa na nani?"

"Nakaa peke yangu."

"Tangu lini?"

Nikamwambia.  Kisha aliniuliza napika nini, nani hunitazama nikiumwa, dirisha langu linaelekea wapi. Nilimjibu yote. Nilimwambia huwa naacha redio imewashwa nikienda kazini ili nikirudi nikute mtu anasema.

Tangu siku hiyo tunazungumza, ingawa si kila Jumapili. Miguu inamuuma na husinzia mapema. Kiti cha jimbo jipya sijui nani anakishika. Ulipofika uchaguzi wa hapa, ambao mimi mgeni sipigi kura, kiwanda kilifungwa na skuli iliyo karibu nami ikawa kituo cha kura. Foleni ilifika mpaka kwenye robot, taa za barabarani. Nilipita kando yake nikienda kununua mkate, nikawasalimu walio mwisho wa foleni, na mzee mmoja akasogea kunipisha niingie, akidhani nami nimekuja kupiga kura.