Kisima cha Watu Watano

Kwetu, nje kidogo ya Tarbaj, kina cha kisima huhesabiwa kwa watu. Wa chini kabisa anachota, anampa aliyesimama kwenye kikanyagio kilichochongwa ukutani juu yake, naye anampa wa juu yake, mpaka ndoo imwagwe horini. Baba alichimba kisima cha watu wawili. Alipofariki, mwaka mmoja baada ya mama, kilikuwa cha watu watano: yeye chini, na sisi watoto wake wanne wakubwa juu yake.

Mimi ndiye kifungua mimba. Niliacha shule darasa la sita, nikashuka mahali pa baba. Kila mmoja wa wadogo zangu akashuka kikanyagio kimoja, na kitinda mimba, msichana wa miaka saba, akasimama mdomoni mwa kisima kumimina maji.

Baba alituachia sharti moja. Kila siku ya tatu kisima kinalala, maji yajikusanye upya. Kinafunikwa kwa miiba na hakuna anayeshusha ndoo, hata ngamia walie vipi.

Enzi zake, familia tatu zilinywesha hapo. Familia hizo zikazaa nyingine, vijana wakaoa, visima vya jirani vikakauka na wenyewe wakaja kwetu. Sikuona wa kumfukuza, maana wote walikuwa ndugu. Wala mimi sijitoi lawamani: kila mbuzi jike aliyezaliwa nilimbakiza. Niliamini kwamba mifugo mingi ndiyo itakayotuweka sisi watano pamoja.

Msimu ambao mvua haikuja, binamu ya baba alifika siku ya kulala, ngamia wake wakiyumba. Akaniambia taratibu kwamba marehemu asingemrudisha. Nilijua angemrudisha. Nikaondoa miiba. Wiki iliyofuata kila mtu alikuja na sababu yake, nami sikuwa tena na neno la kumkatalia.

Maji yakashuka mpaka nikawa nakwangua tope kwa kikombe. Nikachimba tena, nikazama kimo cha mtu mmoja. Tulipojipanga asubuhi, niliinua ndoo na hakuna aliyeipokea. Mkono wa anayenifuata haukuifikia. Kisha sauti ya mdogo wetu ikateremka:

"Abowe, wa sita tutamtoa wapi?"

Abowe ni kaka mkubwa.

Ndugu walituazima kijana kwa siku chache, halafu nikagonga mwamba. Watu wakahama na mifugo yao. Wale mbuzi niliowabakiza walifia kando ya hori. Ndipo dada ya mama akaja kutoka Garissa, akawachukua wawili wa mwisho nyumbani kwake mtaa wa Iftin. Ningempingaje? Kule kuna shule, kuna chakula. Watatu tuliobaki tunachunga wanyama wa watu.

Juzi mama mdogo alipiga simu. Alinisimulia huku akicheka kwamba kitinda mimba wetu haachi bomba wazi hadi ndoo ijae. Ndoo ikifika nusu hulifunga, akakaa kitako kungoja. Nikaomba nipewe mtoto mwenyewe.

"Ni kweli, abowe," akasema. "Watu wa huku ni wengi sana, na hawayalazi maji hata siku moja. Hakuna aliyewaambia?"

Alikuwa amesimama pale pale mdomoni siku niliyoondoa miiba, na ni yeye aliyenisaidia kuivuta.