Samaki wa Shemeji

Neno ninalolichukia kuliko yote ni "watazoeana." Nimelisikia likisemwa kwa wake wenza, kwa watumishi wa ofisi moja, kwa watoto wanaoonewa bwenini, na kila mara msemaji ni mtu ambaye yeye mwenyewe halali humo. Sikutegemea kulisikia sebuleni kwangu Njiro kuhusu samaki, na sijui kama nimewahi kukasirika namna ile.

Tangi nililinunua mimi, lakini lilikuwa la mama yangu mzazi. Nilimchukua kutoka Oldonyo Sambu baada ya kupooza upande wa kulia. Mtu aliyekuwa amechunga na kukamua maisha yake yote sasa alikuwa ameegemezwa mito kwenye kiti, anatazama ukuta wa jirani. Mtaalamu wa mazoezi alituambia shingo yake ifanyishwe kazi kila siku, la sivyo itakakamaa. Tukambembeleza, tukamwita kutoka kulia, tukamwita kutoka kushoto, naye akatutazama tu kama watu waliokosa shughuli. Halafu asubuhi moja nilikuwa nafagia, nikasogeza kiti chake mbele ya tangi.

Mle ndani, pamoja na vidagaa vya rangi, kulikuwa na samaki wa dhahabu mmoja mkubwa, mzee, mwenye mapezi marefu, mwendo wake wa taratibu kama mama mchungaji akielekea mezani kutoa sadaka. Mama alimfuata kwa macho. Kisha kichwa chenyewe kikageuka, kutoka upande huu wa kioo mpaka ule, kikarudi. Nilikwenda kulia jikoni ili asinione. Tangu siku hiyo kila akimaliza uji tulimweka pale, na akawa anamwita yule samaki kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaitia ng'ombe. Maneno yalikuwa yamempotea, lakini sauti ile ilibaki.

Ndipo shemeji akaleta zawadi. Shemeji ni kaka mkubwa wa mume wangu, na kwa Wachagga, angalau wale nilioolewa kwao mimi, kaka mkubwa akileta kitu kinapokelewa kwa mikono miwili. Alileta samaki wa buluu kwenye mfuko wa plastiki, mbuna wa Ziwa Nyasa, mzuri wa kutisha. "Shikamoo mama, nimekuletea kijana akuchangamshe," alisema. Tukashukuru, tukammimina ndani.

Hata chai haijapoa, kijana alikuwa ameshachukua jiwe kubwa la katikati akalifanya boma lake. Baada ya hapo akachukua jiwe la pili. Kufikia katikati ya wiki tangi zima lilikuwa lake, na mzee wa dhahabu alikuwa amesukumwa nyuma ya pampu, mkia umeanza kuchanika. Nyuma ya pampu mama hakuweza kumwona. Akaacha kugeuza kichwa.

Nilimwambia mume wangu tumtoe yule mbuna. Akaniangalia kama niliyependekeza tumtoe kaka yake. "Zawadi ya kaka hairudishwi," alisema. "Kila Jumapili anakuja kumwangalia. Tumwambie nini? Wape muda, watazoeana."

Wazoeane! Mmoja anang'ata, mwenzake anang'atwa, nani azoee nini? Kumbe wanaposema hivyo wanamaanisha anayeumizwa azoee kuumizwa. Mwenye meno huwa hapewi kazi yoyote ya kuzoea.

Nilikwenda Kaloleni kwa jamaa anayeuza samaki wa mapambo. Alicheka. Akasema mbuna na samaki wa dhahabu hawakai pamoja, wengi wanajaribu na wengi wanarudi kwake na maiti. Kama sina budi, nimtoe mbabe, nipange mawe upya ili asiwe na pa kudai, halafu nimrudishe yeye wa mwisho, aingie kama mgeni. Nilifanya hivyo. Ugeni wake haukufika jioni. Basi nikakata wavu wa plastiki, nikaligawa tangi kati, yeye huku na wenzake kule. Mzee wa dhahabu alikaa siku nzima bila kuamini, kisha akaanza kutoka kidogo kidogo. Na shingo ya mama nayo ikaanza kutoka kidogo kidogo. Nilidhani tumepona.

Jumapili shemeji akaja kutoka kanisani, suti na tai. Akasimama mbele ya ule wavu. "Shemeji, umemfunga samaki wangu kama mahabusu?"

"Anawauma wenzake, shemeji."

"Samaki ni samaki bwana. Ndio maisha yao." Akamgeukia mume wangu. "Hata sisi tulipigana utotoni, si tumekua?"

Mume wangu akacheka. Najua kwa nini alicheka. Ana kovu juu ya jicho kutoka huo utoto, na aliyemtia kovu ndiye aliyekuwa akiuliza. Mimi sikucheka, nikaenda jikoni kupakua mtori.

Niliusikia mlio wa mama kabla sijaweka bakuli la pili. Haukuwa mlio wa kuita ng'ombe. Nilipofika sebuleni shemeji alikuwa amesimama na wavu wangu mkononi, unamwagia maji zulia, na ndani ya tangi yule wa buluu alikuwa ananyofoa mkia wa mzee vipande vipande. Mama aliyaona yote akiwa hatua moja tu kutoka pale, na hakuweza kunyanyuka. Machozi yalikuwa yanateremka upande ule uliopooza. Na shemeji, kwa sauti ya mtu anayetuliza watoto, akasema, "Subirini kwanza, watazoeana."

Nilisema maneno siku ile ambayo mke hamwambii kaka mkubwa wa mumewe. Siyajutii. Nilirudisha wavu mwenyewe, nikilowa mpaka mabegani, na shemeji aliondoka bila kula.

Siku chache baadaye akarudi, mkononi ana jani la sale. Kwa Wachagga hilo si jani la mchezo. Ukiletewa sale umeombwa msamaha, na hukatai, hata kama moyo unawaka. Alipita mbele ya kiti cha mama, akanipita na mimi, akampa mume wangu. Mume wangu akalipokea. Wakashikana mikono. Yamekwisha.

"Yamekwisha kwa nani?" niliuliza.

"Mama watoto," mume wangu alisema, "funika kombe mwanaharamu apite."

"Nyinyi ndugu wawili mmesameheana kitu gani? Nani kati yenu alilia?" Nililichukua lile jani mkononi mwa mume wangu, nikamrudishia shemeji. "Mpe uliyemkosea."

Shemeji akainama, akampa mama. Kwao Oldonyo Sambu wanaombana radhi kwa nyasi, si kwa sale, lakini mama alielewa. Alilipokea kwa mkono wa kushoto, akaliweka mapajani. Halafu akanyoosha kidole kwenye tangi, kwa yule wa buluu, kisha mlangoni.

Kwa hiyo shemeji alivua koti, akakunja shati, akamvua samaki wake mwenyewe. Ilimchukua muda, tai ikalowa. Akaondoka naye kwenye ndoo.

Laiti yangeishia hapo. Mzee wa dhahabu hakutoka nyuma ya pampu. Maji yalikuwa safi, mawe hayana mwenyewe, vidagaa vinacheza, na yeye alibaki kwenye ile kona na kisiki cha mkia. Chakula nilimpelekea huko huko. Mama alitazama kioo siku nenda siku rudi, kichwa kimesimama mbele.

Jumapili iliyofuata shemeji akaja, tukamwandalia ndizi na nyama, kwa sababu sale ni sale. Alisimama mbele ya tangi, akatikisa kichwa. "Mnaona sasa? Wangu hayupo, na huyu bado amejificha. Kumbe tatizo lilikuwa lake mwenyewe."

Akavuta kiti, akakaa kula. Nilimwacha aoshe mikono. Kisha nikaichukua sahani yake, nyama haijaguswa, nikaenda nayo kwenye kiti cha mama, nikapiga goti, nikaanza kumlisha kijiko kwa kijiko. Mume wangu aliniita mara mbili. Mama akafungua kinywa, nikaendelea mpaka sahani ikaisha, na shemeji alikaa pale mezani na mikono yake mibichi, akitutazama.