Wifi Humaliza Kila Kitu

Wifi yangu, tunayeshona naye chumba kimoja, ananikera kwa jambo moja: humaliza kila anachokianza. Tulipopata maambukizi ya njia ya mkojo, tulipewa vidonge vilevile. Mimi maumivu yalipotulia nikaweka vilivyobaki akiba. Yeye akameza hadi cha mwisho. Juzi nilimwacha anashona huku akiimba, mimi nikarudi kwa daktari nimejikunja. Wivu ulinichoma kuliko mkojo.

“Dawa huua bakteria wanyonge kwanza,” daktari akaniambia. “Ulipoiacha, waliobaki ni wale sugu, nao wakazaana. Sasa dawa ile hawaisikii kabisa.”

Nyumbani nikakuta gauni la mteja wangu, nililoliacha nusu, limeshapigwa pasi.

“Pole, wifi,” akasema. “Nimekumalizia.”

Nilitamani kulifumua lote.