Salamu Iliyokaa Nje ya Mafaili

Kaka yangu alikuwa fundi kompyuta, na kompyuta ya mama, pale kwenye stesheneri yake Gungu, aliifunga mwenyewe. Kompyuta ikiwashwa, kuna programu ndogo inayoamka kwanza na kuziamsha nyingine. Kaka aliipa salamu ya asubuhi ya Kiha. Kila siku, kabla ya kitu kingine chochote kuonekana kwenye kioo, yalitokea maneno mawili: *Mwakeye mama*. Mama aliitikia kwa sauti, wateja wakisikia, ndipo akapokea karatasi za kutoa kopi.

Rafiki wa kaka, fundi mwenzake kutoka Tabora, alibishana naye kuhusu mahali pa kuhifadhi salamu ile pamoja na mipangilio mingine ya programu hiyo.

"Weka kwenye faili kama watu," alisema. "Nyie Waha kwa kuficha vitu!"

"Programu yenyewe haijui kupanga mafaili, Mnyamwezi wewe. Kila ikiamka huandika mipangilio yake; ikiandika humo umeme ukakatika katikati, mafaili yakaharibika, utamrudishia mama kazi zake?"

Akaiweka kwenye nafasi tupu mwanzoni mwa diski, kabla ya mahali mafaili yanapoanzia. Umeme ulikatika kama tulivyozoea. Salamu haikupotea.

Kisha kaka alifariki kwa homa, tukamzika kijijini Simbo. Matanga yalipoanuliwa, mama alirudi dukani. Aliwasha kompyuta, akasoma, akaitikia kama kawaida. Sisi tuliokuwepo tulitazama sakafu.

Baada ya mvua za mwaka ule diski ilianza kukwaruza. Yule rafiki alikuja, akahamishia mafaili yote kwenye diski mpya. Kazi ilipokwisha, ile ya zamani ikafa kabisa. Mama akawasha. Kioo kikakaa cheusi kidogo, kisha programu zake zikafunguka.

"Hajanisalimia," alisema mama.

Rafiki alishika kichwa. Alikuwa amehamisha mafaili, na salamu haikuwa faili.

"Nisamehe mama. Mahali penyewe nilimbishia mimi, na bado nimepasahau. Naiandika sasa hivi."

"Andika, mwanangu."

Aliandika maneno yaleyale, tena mahali palepale alipopachagua kaka. Asubuhi iliyofuata nilikuwepo dukani. Salamu ilitokea. Mama aliitazama mpaka ikapita, hakuitikia, kisha akamnyooshea mkono mteja wa kwanza.

"Kopi ngapi?"