Mume wangu alipika vimeng'enya vya kuku, sasa anataka kuku hao waliwe kwenye hitima ya mama

Admin, naomba unifichie jina, maana mume wangu naye yumo humu na ni hodari wa kushauri ndoa za watu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto watatu, tunaishi Mapinga na nyuma ya nyumba tuna banda la kuku wa nyama. Mama yangu mzazi amefariki hivi karibuni. Hitima ya arobaini yake ni Jumamosi hii, nyumbani kwetu Fukayosi, na mume wangu alitangaza mbele ya kaka zangu kwamba kuku wa pilau atatoa yeye. Walimshukuru mpaka akavimba kichwa.

Nikiwa bado matangani, kuku wakaanza kuumwa. Niliporudi niliwakuta wamejikunyata, mabawa yameshuka, wanaharisha kinyesi cha kahawia chenye povu. Mume wangu akasema nisihangaike, tiba ameshapata. Alikuwa amenunua unga wa vimeng'enya, ule unaochanganywa kwenye chakula. Muuza duka la mifugo alishatueleza wote wawili kwamba unga ule unamsaidia kuku kusaga chakula vizuri, kisibaki tumboni kikawanenepesha bakteria. Ni msaada, haumtibu peke yake kuku aliyekwisha kuugua. Lakini mume wangu akisikia neno moja la kitaalamu, la pili halihitaji.

Sasa sikieni alichofanya bingwa huyu. Aliupika. Aliinjika sufuria, akakoroga uji wa pumba, akatia vimeng'enya, habasoda na shubiri, akauacha uchemke mpaka ukawa mzito. Nikamwambia, "Baba watoto, pakiti imeandikwa usiweke kwenye moto, moto unaua nguvu yake." Akacheka. "Umeona wapi dawa mbichi ikafanya kazi? Hata mwarobaini tunachemsha." Na huyu ndiye wenzake kijiweni wanamwita dokta. Asiyejua maana haambiwi maana, nikaacha.

Kuku walipozidi kufa nilimwita bwana mifugo mwenyewe. Alimpasua mmoja mbele yetu, utumbo umevimba, ndani umechakaa kama taulo kuukuu. Akasema ni maambukizi ya bakteria. Akatupa dawa ya kutia kwenye maji, akasema vimeng'enya viendelee lakini vichanganywe vikavu kwenye chakula, na kuku yeyote asiliwe mpaka yeye arudi kuwaangalia. Mume wangu akaitikia naam, naam. Mgeni alipotoka tu, akarudi kwenye sufuria lake la uji.

Dawa nilitia mimi. Yeye kazi yake imekuwa kuwawahi. Kila kuku anayelegea anamkimbilia na kisu, anamwelekeza kibla, anasema bismillahi, anachinja kabla hajafa. Kwake yeye, kuku akikutwa na roho basi si mzoga, na maneno yameishia hapo. Nyama yote ameipeleka kwenye friza ya kaka yangu mkubwa, Bagamoyo mjini. Nilimuuliza kama kweli atawalisha watu kuku wagonjwa kwenye hitima ya mama yangu. Akanijibu bila haya, "Moto wa pilau unaua kila kitu." Yaani moto uleule ambao kwenye vimeng'enya haukuwa na madhara.

Sikujua kwamba bado hajamaliza. Juzi kaka huyo alikuja kuuliza mbona kuku bandani wamepungua. Mume wangu akashusha pumzi, akasema, "Shemeji, nisitiri tu. Dada yako alitoka msibani akaingia bandani hivyohivyo na majonzi yake, akawatia kuku mkosi. Ndiyo hayo unayoyaona." Nilikuwa nimesimama palepale na sinia la chai. Kuku waliugua mimi nikiwa Fukayosi, namliwaza baba katika huzuni yake. Kaka akanigeukia akasema, "Mdogo wangu, jikaze. Mumeo anatustahi sana, usimwangushe." Moyo uliniuma, nikalitua sinia mezani. Sikulia. Nilimtazama mume wangu nikaona hata kumtukana ni kumpandisha cheo.

Usiku ule ule hakusubiri nimuulize. Alisema nikimvunjia heshima mbele ya ndugu zangu, nibaki hukohuko Fukayosi nisirudi kwake. Nikisema, kaka zangu wataona nimechanganyikiwa na msiba, na ndoa ndiyo hiyo imekwisha. Nikinyamaza, wazee na watoto wa kijiji kizima watakula kuku hawa na kumwombea mama dua.

Nishaurini ndugu zangu, nifanyeje? Ila msiniambie nivumilie. Aliyenifundisha kuvumilia ni mama, na nyama hii inapikwa kwa jina lake. Ijumaa jioni inapakiwa kwenda Fukayosi, na mimi, binti yake mkubwa, ndiye niliyepangiwa kuikaanga.